Dai faili lako, si picha ya skrini

Blogu hii mmeizoea kwa habari za hifadhidata, misimbo inayogoma na seva zinazozimika saa nane za usiku, kwa hiyo mtu akiona nimeandika kuhusu meno anaweza kudhani nimebadilisha kazi. Sijabadilisha. Ni meno yenyewe yaliyohamia kwetu. Siku hizi daktari anayetaka kukupandikizia jino huanzia kwenye kompyuta, na anachokifanya pale ni kazi ya programu kuanzia mwanzo hadi mwisho: kuna data, kuna muundo wa faili, kuna algorithimu, kuna skrini yenye rangi za kupendeza, na kuna mteja asiyejua kinachoendelea. Hayo yote tunayafahamu sisi. Na matatizo yanayozaliwa mahali penye hayo yote tunayafahamu vilevile.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nao. Picha ya pande tatu kabla ya kupandikiza jino ni jambo la maana, na anayekutoboa taya bila kujua upana wa mfupa wako anacheza pata potea. Lakini ukishalipia picha hiyo, ulichonunua ni data. Ni faili kamili, na linapaswa kutoka mlangoni pamoja nawe. Mara nyingi mno mtu anatoka na karatasi inayong'aa, au picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp. Hiyo ni sawa na kununua shamba ukapewa picha ya hati badala ya hati.

Tuanze na jino. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake hufungwa jino la bandia. Titani ilichaguliwa kwa sababu mfupa huishika ikawa kama kitu kimoja. Aliyelikuta jambo hilo ni Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, mwaka 1952, akifanya uchunguzi wa mambo mengine kabisa kwenye mifupa ya sungura. Vifaa vyake vya titani vilipokwisha kazi vikakataa kutoka. Mtu wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Skrubu za kawaida huwa na kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5 hivi, na urefu wa milimita 8 hadi 13 au karibu na hapo.

Chukua rula uangalie milimita 2. Ndiyo nafasi ambayo kwa kawaida daktari hujiwekea kati ya ncha ya skrubu na neva inayopita ndani ya taya la chini. Neva hiyo ndiyo inayokupa hisia za mdomo wa chini na kidevu. Ukiigusa kwa keekee, mtu anaweza kuishi na ganzi isiyoisha. Anakunywa chai na hajui kama imemmwagikia kidevuni. Taya la juu lina uwazi wake mkubwa nyuma ya mashavu, na skrubu inaweza kupenya ikaingia humo. Na kwa mbele, chini ya ulimi, ambako watu hudhani ni salama kwa sababu ile neva kubwa haipo, kuna mishipa ya damu karibu na ukuta wa ndani wa taya. Ukuta huo ukitobolewa, damu huweza kujaa chini ya ulimi hadi ikaziba njia ya hewa. Hapo habari si ya jino tena.

Ile eksirei ya zamani, ndefu, inayoonyesha meno yote kama tabasamu lililonyooshwa, haiwezi kukuambia upana wa mfupa. Inakupa urefu, tena urefu uliokuzwa kwa asilimia kama ishirini au zaidi, ukitofautiana kutoka upande hadi upande. Ni kama kumpiga ng'ombe picha ubavuni halafu ukaapa kwamba unajua upana wa kifua chake. Na upana ndio unaopotea kwanza. Jino likishang'olewa mfupa wa pale husinyaa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulipima ukakuta karibu nusu ya upana imekwenda ndani ya miezi 12. Taya linaweza kuonekana refu na zuri kwenye eksirei bapa kumbe juu limekuwa jembamba kama ukingo wa sahani.

Hapa ndipo inapoingia mashine inayoandikwa CBCT kwenye risiti. Unasimama au unakaa, kichwa kinashikiliwa, na mkono wa mashine unakuzunguka mara moja, kwa sekunde kumi hadi arobaini, ukirusha miali yenye umbo la koni na kupiga picha bapa mia kadhaa kutoka kila upande. Picha hizo zenyewe hazikusaidii. Kompyuta ndiyo inayozichukua na kuuliza, kwa kila nukta ndogo ndani ya kichwa chako: ukijumlisha ushahidi wa picha zote hizi, nukta hii imezuia miali kiasi gani?

Hisabati ya swali hilo ina mkono wa Afrika, na nashangaa hatulisemi zaidi. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg, na mwaka 1956 alikuwa mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliyeombwa kusaidia kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza namna ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupima miali kutoka nje. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeyajali. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba miongoni mwa maombi machache ya nakala aliyopata, lililomfurahisha zaidi lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI akaunda mashine, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha mwaka 1971. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana tuzo ya Nobel. Algorithimu ya koni ilikuja mwaka 1984 kutoka kwa Feldkamp, Davis na Kress, waliokuwa wakifanya kazi Ford. Ndiyo, Ford ya magari! Na mwaka 1998 Waitaliano wa Verona wakaeleza mashine ya kwanza ya aina hii iliyotengenezwa kwa ajili ya meno. Kwa hiyo unapokaa kwenye kiti kile umezungukwa na Cape Town, magari na sungura wa Uswidi.

Tupige hesabu, maana bila hesabu tutabaki kushangaa tu. Nukta ya pande tatu inaitwa vokseli. Ni pikseli iliyopewa kina. Chukua kipande cha taya cha sentimita 8 kwa 8 kwa 8, kila vokseli iwe na milimita 0.2. Hiyo ni vokseli 400 kila upande, jumla milioni 64. Kila moja baiti 2, unapata megabaiti 128. Ukitaka milimita 0.1, usidhani faili litaongezeka mara mbili. Litaongezeka mara nane, zaidi ya gigabaiti moja. Ukikubali milimita 0.4, linashuka hadi megabaiti 16. Basi ukitumiwa picha ya taya lako yenye kilobaiti 90 kwenye WhatsApp ujue umepewa nini: kipande kimoja kati ya mamia, kilichokaangwa mara mbili na mgandamizo wa picha, kisicho na kipimo chochote ndani yake. Hakuna daktari mwingine anayeweza kupima milimita 2 juu ya kitu hicho. Akikuambia anaweza, kimbia.

Na hata vokseli ndogo zisikulevye. Mtu akitikisika kidogo katika sekunde ishirini zile, au akimeza mate, una nukta za milimita 0.1 zinazoonyesha ukungu kwa usahihi wa hali ya juu. Meno yaliyozibwa kwa chuma nayo hutoa michirizi inayofunika mfupa wa jirani.

Sasa niseme kinachoniudhi kama mtengenezaji wa programu. Programu nyingi za kupanga vipandikizi hupaka rangi mfupa unaozunguka skrubu: kijani ni mfupa imara, njano wastani, nyekundu dhaifu. Mgonjwa anaonyeshwa kijani, anatabasamu, anasaini. Lakini namba za mashine hizi za koni si kipimo thabiti cha ugumu wa mfupa kama zilivyo kwenye CT kubwa ya hospitali. Hubadilika kutoka mashine hadi mashine, hata kutoka sehemu moja ya picha hadi nyingine, kwa sababu ya miali inayotawanyika. Kwa hiyo ile rangi ya kijani ni mstari mmoja wa msimbo: kama namba imezidi kiwango fulani, paka kijani. Nani aliweka kiwango? Mtu kama mimi, ofisini, mwenye kikombe cha kahawa na tarehe ya mwisho inayomkimbiza. Vivyo hivyo lile onyo la "umekaribia neva". Programu haijui neva ilipo. Daktari ndiye anayebofya nukta moja moja kuichora, au programu hukisia naye akairekebisha, na onyo hupimwa kutoka kwenye mchoro huo. Mchoro ukikosewa kwa milimita 1, onyo litakosea kwa milimita 1, kwa ujasiri mkubwa.

Halafu kuna kielekezi, yaani kile kipande cha plastiki kinachochapwa kwa printa ya pande tatu, chenye tundu la kupitishia keekee ili mpango wa skrini ufuatwe mdomoni. Ni kitu kizuri. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2018 ulikuta skrubu zilizowekwa kwa vielekezi zilipishana na mpango kwa wastani wa milimita 1.2 mahali pa kuingilia, milimita 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za mwinamo. Linganisha na ile milimita 2 ya rula. Huo ni wastani, na wastani una watu upande wa pili wake. Sisemi haya ili mtu aogope. Nasema kwa sababu nimesikia matangazo ya redio yakisema "kwa usahihi wa asilimia mia", na mimi sijawahi kuandika programu ya namna hiyo maishani.

Nije kwenye kilichonifanya niandike. Mjomba wangu anaishi Entarara, kusini kabisa mwa kaunti ya Kajiado, kule karibu na mpaka wa Tanzania ambako asubuhi Kilimanjaro unakaa mbele yako kama ukuta. Magego mawili ya chini yalikuwa yamekwenda siku nyingi na meno ya bandia ya kuvaa yalimshinda. Aliyaita "viatu vya mdomoni". Akauza ng'ombe, akapanda matatu kupitia Loitokitok na Kimana hadi Emali, akafika Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200, akapigwa picha ya pande tatu katika kliniki moja. Wakampa CD na karatasi. Baadaye binti yake anayekaa Kitengela akasema kuna daktari karibu na kwake, gharama ni nafuu na baba atalala nyumbani. Wazo zuri. Kitengela wakaweka CD kwenye mashine, dada wa mapokezi akabofya, ikatokea programu inayodai leseni. "Mzee, CD yako haifunguki." Mjomba akapigwa picha ya pili, akalipa mara ya pili.

Aliponiletea ile CD nikaitazama nyumbani. Kwanza nilihangaika kutafuta kompyuta yenye tundu la CD (wadau, nani bado anazo?). Ndani kulikuwa na programu ya Windows ya kufungulia picha, ile iliyogoma, na pembeni yake folda yenye mamia ya mafaili yenye majina kama ya wafungwa, IM na namba, bila kiambishi mwishoni. Nikafungua moja kwa kihariri cha baiti. Baiti 128 tupu, kisha herufi nne: DICM. Nikacheka peke yangu. Hiyo ni sahihi ya DICOM, muundo wa wazi wa picha za hospitali unaojulikana kwa jina hilo tangu mwaka 1993, uliotokana na kiwango cha 1985, na ambao mashine za picha za hospitali duniani kote huuzungumza. Picha yote ya Mjomba ilikuwa mle, nzima, kila vokseli. Programu yoyote ya kupanga vipandikizi ingeisoma kama ingeelekezwa kwenye folda ile badala ya kubofya kile kikaragosi cha mbele.

Nilipomweleza alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ilikuwemo."

"Ilikuwemo yote, Mjomba."

"Na mimi nimelipa tena."

"Umelipa tena."

"Ng'ombe nikimpeleka soko la Kimana anakwenda na kibali chake, na kila askari barabarani anakisoma. Hakuna anayeniambia kibali hakifunguki."

Sikuwa na la kuongeza.

Kuna jambo jingine katika faili lile ambalo sitalisahau. Mpango uliochapwa kwenye karatasi ulikuwa na vipandikizi vinne, si viwili. Viwili vya nyuma alivyoomba, na viwili mbele chini. Mjomba ni Mmaasai wa rika la zamani. Meno mawili ya mbele ya chini alitolewa utotoni kama ilivyokuwa desturi, na wazee hueleza kwamba pengo lile lilisaidia kumlisha mtu aliyefungwa taya na pepopunda. Mtu aliyeketi mbele ya skrini aliona nafasi mbili bila meno akazijaza. Mjomba alipoelewa zile skrubu mbili za mbele ni za nini alisema, "Hilo pengo halikupotea. Lilitengenezwa." Mfupa wa pale ulikuwa mwembamba sana pia, jambo ambalo picha ya pande tatu ilionyesha wazi kwa yeyote aliyetaka kuangalia. Lakini hoja yangu si mfupa. Swali la kwanza la kupanga matibabu huulizwa kwa mdomo, kabla ya mashine kuwashwa, na ni rahisi kulisahau ukiwa na skrini nzuri mbele yako.

Tuzungumzie mionzi, kwa kuwa najua kuna atakayeuliza. Picha moja ya koni ya eneo dogo inaweza kuwa maikrosiveti makumi tu. Ya kichwa kizima inaweza kufika mamia kadhaa, kutegemea mashine na ilivyowekwa. Ile eksirei ndefu ya bapa huwa kumi hadi thelathini hivi. Mionzi ya asili, ya ardhi na anga, humpata mtu wastani wa maikrosiveti 2400 kwa mwaka duniani. Kwa hiyo hapana, picha ya pili haikumuua Mjomba. Ila kanuni ya mionzi si "haijakuua". Kanuni ni kwamba kila mara miali inapowashwa lazima pawe na sababu, na "CD imegoma" si sababu ya kitabibu. Kenya ina mamlaka ya kudhibiti mambo haya, iliyoundwa kwa sheria ya nyuklia ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya bodi ya zamani ya kinga ya mionzi, na mashine hizi zinahitaji leseni yake. Mimi ningependa siku moja leseni hiyo iulize pia: je, mgonjwa akiondoka hapa anaondoka na faili linalosomeka kwingine?

Kwa upande wa sheria ya data, hatuna haja ya kusubiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupokea data inayomhusu katika muundo uliopangika, unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Soma tena maneno hayo. Ni kama aliyeyaandika alikuwa ameshika faili la DICOM mkononi. Inatakiwa litolewe ndani ya siku 30, kwa gharama ya kiasi, na linaweza hata kutumwa moja kwa moja kwa daktari mwingine pale inapowezekana kiufundi. Karatasi inayong'aa haisomeki na mashine. Picha ya skrini haijapangika. Ukinyimwa, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na malalamiko yanapokelewa.

Kuna wanaosema dawa ni kununua mashine zaidi, kila kaunti ndogo iwe na yake. Jamani. Tulishalijaribu hilo. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, hospitali mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa, jumla 98, kwa mabilioni ya shilingi. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilikuwa bado inauliza mashine nyingine zimelala kwa nini: hapa hakuna umeme wa kutosha, pale hakuna mtaalamu, kwingine chumba hakijajengwa. Mashine bila mtu na bila njia ya faili ni fanicha. Kwa mtu wa Entarara, jambo la haraka ni kwamba akishasafiri mara moja, asisafiri mara ya pili kwa ajili ya kitu ambacho kingeweza kusafiri peke yake. Megabaiti 128 zinapita kwenye simu ya kawaida kwa bando la kawaida. Kufika Emali ni nusu siku. Tena kwa watu wa upande ule, Moshi iko karibu kuliko Nairobi, na daktari wa Moshi anafungua DICOM ile ile. Faili halina haja ya kusimama Tarakea kugongewa muhuri (ingawa kliniki inayotuma data ya mgonjwa nje ya nchi ina masharti yake ya kisheria, na ni vizuri yawepo).

Pingamizi moja nalipa heshima. Mtu atasema: Kajiado kuna watoto ambao meno yao yamekuwa kahawia kwa floridi ya maji ya visima, kuna watu ambao huduma pekee ya meno waliyowahi kupata ni kung'olewa, na wewe unatuletea skrubu za titani za wenye ng'ombe wa kuuza. Ni kweli, kipandikizi ni anasa kwa wengi, na kwa wengine meno ya kuvaa yaliyotengenezwa vizuri yanatosha. Kama ningekuwa na shilingi moja ya afya ya meno ya kaunti, isingeenda kwenye vipandikizi. Lakini faili hili silitetei kwa ajili ya vipandikizi peke yake. Kijana aliyeanguka na bodaboda akavunjika taya pande mbili anahitaji picha hiyo hiyo. Mama mwenye uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu, ambao madaktari wa upasuaji wa hapa kwetu wanaufahamu vizuri sana, anahitaji picha ya leo ilinganishwe na ya mwaka jana. Yeye akiambiwa "CD haifunguki" hapotezi pesa tu. Anapoteza mwaka wa kulinganisha.

Basi ukienda kupigwa picha, sema hivi mapokezi, kabla ya kulipa na si baada: "Naomba faili zote za DICOM za picha hii, kwenye flashi yangu." Neno DICOM litamke herufi kwa herufi kama ni lazima. Ukishapewa, angalia ukubwa wa folda. Ikiwa ni kilobaiti mia chache, hujapewa. Nyumbani unaweza kuifungua kwa InVesalius, programu ya bure iliyoanzishwa Brazil mwaka 2001 katika kituo cha utafiti cha serikali kwa ajili ya hospitali za umma za kule, au kwa 3D Slicer, ambayo nayo ni ya bure. Fungua ili uhakikishe picha imo, usijipangie matibabu. Kisha zifunge zote kwenye zip yenye nywila, weka nakala mbili, na usizirushe kwenye kundi la familia: kila faili lina jina lako, mara nyingi na tarehe ya kuzaliwa, yameandikwa ndani pale pale mwanzoni.

Mjomba alipandikizwa magego mawili Kitengela, kwa picha ya pili. Pengo la mbele liko pale pale. Ile CD nimeinakili kwenye flashi, na amening'iniza flashi hiyo kwenye mnyororo mmoja na funguo za boma.

Kama wewe umewahi kuomba faili zako, mahali popote, niandikie hapo chini ulijibiwa nini na ilichukua siku ngapi. Majina ya kliniki msiweke, nitayafuta.